Picha ya Mama Mkwe

Mie ni mtu wa ratiba. Mke wangu anasema ni ugonjwa, na sibishani naye sana, kwa sababu mama yake alipotuarifu kwamba anakuja Dar kutembea, atafika Ijumaa na Jumapili anarudi, nilikaa sebuleni kwetu Mbagala na daftari nikaanza kupanga jua. Naam, jua. Kazi yangu ni kupiga picha: harusi, sendofu, vipaimara, mahafali, na wiki ikiwa ngumu, pasipoti saizi. Mpiga picha asiyejua jua litakuwa wapi saa mbili asubuhi na wapi saa kumi jioni, huyo anabahatisha tu, na mie watu wa kubahatisha wananikera.

Mama mkwe alikuwa na maombi matatu, kayasema kwa simu na mke wangu kaweka spika. Anataka aione treni ya umeme kwa macho yake. Anataka aone zile barabara zinazopita juu ya barabara nyingine. Na anataka apande kivuko, avuke maji, arudi. Nikawa nasikiliza huku naandika, nimefurahi, mambo yote hayo yanapangika. Halafu mama akaongeza la nne.

"Na mume wako anipige picha moja ya uso. Nzuri. Ya kuweka juu ya jeneza langu."

Mke wangu akasema, "Mama, maneno gani hayo." Mie nilifunga daftari nikatoka nje, kwa sababu nilijua kabisa maneno yale yametoka wapi.

Baba mkwe alifariki miaka minne kabla, kule kwao Masasi. Tulipofika msibani ikatafutwa picha ya marehemu, nyumba nzima ikapekuliwa, ikapatikana moja tu, ile ya kitambulisho cha kupigia kura. Nikakabidhiwa mie niikuze, si ndiyo kazi yangu. Nikaikuza. Pua ikapotea, macho yakabaki vivuli viwili, shavu moja likawa jeusi na jingine jeupe. Picha ile ndiyo iliyowekwa kwenye jeneza, watu wakapita kuaga mwili, na mie nimesimama pembeni na kamera ya bei mbaya inaning'inia shingoni. Nilikuwa nimeshaoa kwao miaka kumi na mmoja. Nimepiga picha maharusi nisiowajua hata majina, na baba wa mke wangu sikumpiga hata moja. Niliona aibu siku ile, na mpaka leo naiona.

Sababu ni ukwe. Sie watu wa kusini, hata tuliozaliwa hapahapa Temeke, tumelelewa kwamba mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono. Huli naye sahani moja. Mkikutana njiani unapisha. Humkodolei macho usoni, na ukiwa na la kumwambia unampitishia mkeo, hata kama mama mwenyewe yuko hatua mbili na anasikia kila kitu. Najua wengi wamelegeza. Kila Jumamosi nawapiga picha vijana wamekumbatiana na wakwe zao, wanacheka meno thelathini na mawili, na sina neno nao. Lakini mie mama yangu alikuwa mkali, na aliyonifundisha yameniganda. Kwa miaka kumi na mitano nilimjua mama mkwe kwa miguu yake, kanga zake na sauti yake. Uso niliuona kwa kuibia.

Nilijipa moyo kwamba kamera ingenisaidia. Nikajiambia, mie sitamwangalia mama, nitaangalia kioo cha kamera, na kioo ni kifaa cha kazi. Nikaipanga Jumamosi yote. Saa kumi na mbili na nusu tunatoka. Saa mbili tuko Pugu, jua linakuja kwa ubavu, treni inapita. Saa nne tuko Tazara kwenye barabara za juu. Mchana jua liko utosini, nyuso zote zinakuwa na mashimo machoni, basi hapo tunakula na mama anapumzika. Saa kumi na nusu tuko kwenye kivuko, jua limelegea, na hapo ndipo picha ya uso. Hilo la mwisho nililipigia mstari mara mbili.

Mke wangu akaisoma ratiba yote akiwa amesimama. "Na chooni ataenda saa ngapi, baba watoto?"

Nikachukua kalamu nikaandika.

Tulikodi bajaji ya jirani yetu kwa siku nzima. Kiti cha nyuma kinaingia watu watatu, na sie tulikuwa watatu hasa: mama, mke wangu na mie. Nikaenda kukaa mbele na dereva, nusu ya makalio ndani na nusu nje.

"Braza, nyuma nafasi ipo," dereva akaniambia.

"Niko sawa."

"Utadondoka."

"Wewe endesha."

Mke wangu akamweleza kwa nyuma kwamba yule pale ni mama yake mzazi. Dereva akasema aah, kumbe, akanisogezea kidogo, na hakuuliza tena. Nilikwenda hivyo mpaka Pugu, mguu umekufa ganzi, begi la kamera nimelipakata.

Siku ile ilikwenda kama daftari lilivyosema, jambo ambalo maishani mwangu ni nadra. Pugu tulisimama kwenye kimwinuko mbali kidogo na reli. Treni ikapita, mama akaifuata kwa kichwa mpaka ikaisha, akamwambia mke wangu, "Mwambie mkwe haina moshi." Mke wangu akanigeukia akaniambia haina moshi. Nikasema mwambie mama ni kweli, haina. Tazara alisimama chini ya barabara ya juu akatazama magari yanavyopishana, akauliza wenye miguu wanapita wapi. Swali zuri, kusema kweli. Mie kazi yangu ilikuwa kubonyeza. Nilibonyeza kanga yake inapepea, nikabonyeza mkono wake unaonyesha juu, nikahama huku, nikachuchumaa kule.

Kivuko tulikipandia upande wa Kigamboni, tukavuka, tukarudi. Mama alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili akacheka peke yake. Jua lilikuwa pale pale nilipolipangia. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama atazame huku." Mke wangu akamwambia. Mama akageuka, na mie nikajikuta nimeishusha kamera, natengeneza lenzi isiyo na shida yoyote. Nilipoinua tena, mama kainamisha uso, kavuta kanga. Na yeye ukwe unambana vilevile, mie ni mkwe wake. Nikapiga hivyohivyo, nikajiambia katika zote hizi moja itakuwa nzuri. Nikarudi nyumbani nimeridhika, nimekaa na dereva, napiga na mluzi.

Tulipomaliza kula, binti yetu wa miaka kumi na miwili, ambaye tulimwacha kwa jirani siku nzima na hakufurahi, akataka aone picha zote. Nikaunganisha kamera kwenye runinga. Mama alikaa kwenye kochi na mjukuu wake, mie nikasimama kwenye korido nikibonyeza kutokea huko. Ikaja picha ya treni na mgongo wa mama. Ikaja kanga. Ikaja bega, na nguzo ya barabara. Ikaja mikono miwili imeshika chuma, maji nyuma yake, picha kali kwelikweli, ningeweza kuitangazia biashara. Ikaja sikio. Nikaendelea kubonyeza, nikaona jasho linanitoka.

"Baba," binti yangu akasema, "mbona bibi hana uso?"

Nilizipitisha zote mpaka mwisho, mia mbili na kitu, na hakukuwa na uso hata mmoja. Mpiga picha mzima. Nimepanga jua la Pugu na jua la baharini, nikakumbuka na choo, halafu uso wenyewe nilioombwa nikauacha kwenye kivuko.

Mama akamwambia mjukuu wake, taratibu, "Mwambie baba yako kanga zangu kazipiga vizuri."

Wote wakacheka, na mie nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Tulipobaki wawili jikoni nikamgeukia mke wangu. "Si ungeniambia?"

"Nikwambie nini, na fundi ni wewe?" akanijibu, anaosha vyombo. Hasira zangu kashazizoea. Akasema basi kesho asubuhi atampiga yeye, kwa simu yake, yaishe. Akaenda kumwambia mama, akarudi na majibu. Picha za simu mama anazo. Kule nyumbani wanajua kuwa mkwe wake ni mpiga picha wa Dar es Salaam, na anasema, "Baba yenu alizikwa na picha ile, mwataka na mie nizikwe na ya simu?" Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaona kweli nimeshindwa. Basi la mama lilikuwa la saa tano asubuhi.

Jumapili niliamka kabla ya wote nikatengeneza studio uani. Nikatundika shuka la bluu kwenye kamba ya nguo, nikaweka kiti, nikasimamisha kamera kwenye stendi. Ujanja wangu ulikuwa huu: mke wangu anakaa kwenye kiti kwanza, napima kila kitu kwa uso wake, halafu anainuka, mama anakaa palepale, na mie nageukia mpapai nikiwa na rimoti mkononi. Nitapiga bila kutazama. Nilijisifu kwa ujanja ule wakati napiga mswaki.

Mama akakaa. Alikuwa amevaa kitenge kipya na hereni.

"Umegeuka?" mke wangu akauliza.

"Nimegeuka."

Nikabonyeza. Mke wangu akaenda kuangalia kwenye kamera, akasema ameinama. Nikabonyeza tena, akasema kafumba macho. Ya tatu, ya nne. Mama anatazama magoti yake, mama anatazama ukuta. Mara mbili nilimpitishia mke wangu maneno kwamba mama ainue kidevu, mama akainua, na kila nikibonyeza anakishusha. Nikaanza kukasirika, nusura niirushe rimoti kwenye mpapai. Ukafika wakati mke wangu akasema taratibu kwamba saa tatu hiyo inakwenda, na bado hajafunga begi la mama.

Ndipo nikasikia, "Baba."

Nilidhani mama anamwita mtu mwingine. Kwa miaka kumi na mitano, ukiondoa shikamoo na marahaba, mama hakuwahi kunisemesha mie moja kwa moja.

"Nipo, mama," nikauambia mpapai.

"Baba yenu alipokufa ulipita mstarini na watu ukamwangalia usoni."

"Ndiyo, mama."

"Na mie siku ya kuniaga utapita vilevile. Utaniangalia, na hakuna atakayekukataza. Lakini mie sitakuona." Nikasikia kiti kinalia, nadhani alijiweka sawa. "Geuka uniangalie leo, mwanangu, tuonane wote wawili."

Mie niliyemuwaza ni mama yangu, yule mkali, angesema nini. Halafu nikageuka.

Nikaenda mpaka kwenye kamera, lakini sikuinamia kioo. Nilimtazama yeye. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto ambalo sikuwahi kulijua. Macho ni ya mke wangu, yaleyale ninayolala nayo na kugombana nayo, ila yamechoka. Alikuwa ananitazama bila kupepesa, ameshika mikono juu ya magoti kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Akacheka. Nikauona mwanya wa meno ya juu, ule wa binti yangu, ambao siku zote nilijisifu kwamba kautoa kwetu.

"Marahaba, baba," akasema, na hapo nikabonyeza.