Pama ya Baba

Mitumba ilipofurika soko la Tukuyu, baba alinunua kofia ya pama ya sufu iliyobonyea, aivae siku ya harusi ya dada. Aliifukiza kwa mvuke wa chungu cha ndizi, akaipachika juu ya sufuria iliyopinduliwa na kuunyoosha ukingo wake kwa kiganja.

“Mzee, unaoa tena?” mama alimtania.

“Wakwe wajue wamefika kwa mtu.”

Kwa kuwa mvua haikukatika, aliianika darini juu ya moto, tulikokaushia kila kitu. Asubuhi ya harusi pama ilikuwa imesinyaa, ikamkalia utosini kama kifuniko cha birika. Mpiga picha alipowapanga wazee, baba aliivua, akasema anakwenda kutazama ng’ombe.

Ameshafariki, na hatuna picha yake hata moja. Natamani mmoja wetu angemfuata zizini akamrudisha, kichwa wazi vilevile.