Unga Mweusi wa Sumaku

Kiwandani walimwita Sumaku, na jina lilimkaa. Kiwanda kilinasa hewa chafu ya tanuri la saruji na, kwa kichocheo cha unga mweusi wa nikeli, kikaigeuza kuwa asidi ya kugandishia utomvu wa mpira. Asidi ikishatoka, yeye alizamisha sumaku pipani, akaunasa unga, akausuuza, ukarudi mzigoni. "Unachoka, unaoga, unarudi kazini," alisema. "Wanaume wangekuwa hivi, nisingeachika mara mbili."

Unga ule ulikaa majini siku zote, pipani au kwenye ndoo. Ukikauka, hewa tu inauwasha.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimlea kwa makofi na uongo, na hakuona haya kusema. Sukari aliificha, akamwambia ni sumu ya panya. Mtoto siku moja akailamba, akagundua. Basi akakua mwepesi wa ngumi, na neno la dada haliamini tena.

Mchana mmoja, wenzake Sumaku wamekwenda kula, mdogo mtu aliingia na nondo. Mlinzi alikuwa kalala getini kwa pigo lake, meno yamemwagika. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wanautaka ule unga.

"Dada, pisha."

"Haya, beba na ndoo yake! Usimwage maji, utakuunguza!"

"Kama ile sukari ilivyoniua?"

Alipoinamisha ndoo amwage maji, Sumaku aliikumbatia. Nondo ikashuka, mkono wake ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Dada akamuuma paja mpaka damu. Akala teke la tumbo. Yule mpumbavu akamwaga maji, akaukamua unga ndani ya shati, akalifunga kifuani, akatimua mbio juani.

Hakufika getini. Shati liliwaka, na mikono ikaungua akihangaika kulivua. Watu walitoka kula, wakasimama wameshika vichwa, kana kwamba vichwa ndivyo vinavyoungua! Sumaku ndiye aliyemkamata kwa mkono mzima, akamburuta, akamsukumia ndani ya birika kubwa la maji ya kusuuzia, akamkandamiza humo huku akimtukana na kulia.

Mdogo mtu alinusurika. Hospitalini mikono yake ilikuwa bandeji tupu, na askari mlangoni. Dada mtu, naye mkono kwenye plasta, alimletea chai, akamsogezea kikombe mdomoni.

"Ya moto hiyo. Subiri."

Akasubiri.