Nilivyobaki nakohoa mlangoni huku mama mkwe akizimaliza njegere zangu

Wakuu, poleni na mihangaiko ya siku. Wadogo zangu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa: marahaba.

Kisa hiki kilinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Tabora, enzi za Ujamaa. Najua humu kuna watu kazi yao ni kusema "hii chai". Waje na sukari yao, maana miaka ninayoizungumzia hata sukari ilikuwa ya kupanga foleni.

Shahidi ninaye. Ni mke wangu, na hapa nilipo ananichungulia begani akiniambia nisijipambe.

Basi nilikuwa kijana, fundi cherehani, nimeoa karibuni.

Nyumba ilikuwa ya urithi, mtaa wa Gongoni. Cherehani barazani mbele, kisima uani, choo mwisho wa ua. Kati ya kisima na choo kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho tangu enzi za marehemu babu hakijawahi kuona jembe.

Babu mwenyewe alifika Tabora na misafara ya zamani, kichwani kabeba mzigo wa mtu. Alipofika akauliza, Ujiji bado mbali? Akaambiwa bado. Akatua mzigo, akaoa. Kwa hiyo sisi ni uzao wa watu waliochoka njiani, na silionei haya.

Tatizo lilikuwa baba mkwe.

Mke wangu Kabula ni binti wa Bukene, kule kwenye reli ya Mwanza. Kwao ni watu wa mtama, karanga na ng'ombe. Baba yake alinipa binti shingo upande, na kila tulipoonana hakukosa kunikumbusha kwamba mjukuu wa mpita njia hajui kulima. Nilikuwa nacheka, lakini lilikuwa linaniuma.

Kabula akajifungua mtoto wa kike, tukamwita Zena. Na mwaka huohuo mvua zikatukimbia. Tukawa tunakula yanga, ule ugali wa unga wa njano wa msaada, na serikali inahimiza kila mwenye mikono alime, awe wa shamba awe wa mjini.

Ndipo baba mkwe akaleta ujumbe kwa mtu wa treni. Kipupwe kikielekea mwisho atakuja kumwona mjukuu. Akikuta kwangu kuna bustani inayolisha watu, sawa. Asipoikuta, atarudi Bukene na binti yake na mjukuu wake, wakae huko mpaka mvua zirudi na mimi nijifunze kushika mpini.

Wakuu, nilikuwa nampenda mke wangu. Bado nampenda, na siandiki hivi kwa sababu anasoma. Habari ile ilinikosesha usingizi na hamu ya kula hata hiyo yanga yenyewe.

Nikalima. Mikono ikatoka malengelenge, sindano ikawa haishikiki.

Lakini ujanja wa mjini haumtoki mtu. Nikajiuliza, nikipanda kunde si mzee atazilinganisha na kunde za Bukene? Hapo nimekwisha. Nikamkumbuka mteja wangu mmoja, mpishi wa misheni, aliyekuwa na mbegu za njegere. Bukene ya wakati ule nani alikuwa anazijua njegere? Nikipanda hizo, wa kunihukumu hayupo. Nikamshonea suruali, akanipa mbegu.

Kwa wale mtakaokuja kuuliza namna ya kulima, someni hapa kabisa msinisumbue baadaye. Njegere zinapenda baridi, kwa hiyo Tabora unapanda kipupwe kinapoanza. Loweka mbegu mpaka zivimbe. Ardhi yetu ni mchanga mtupu, ichanganye na samadi iliyopoa. Mwagilia asubuhi, na chomeka vijiti mapema zipate pa kutambaa. Ukichelewa vijiti zinalala chini, panya wanakushukuru.

Zangu zilikubali. Zikapanda vijiti, zikatoa maua meupe. Nilikuwa naacha suruali ya mtu imeshonwa mguu mmoja, nakwenda uani kuziangalia.

Sasa njooni kwa mama mkwe.

Huyu alikuwa amekuja kumtunza binti yake baada ya kujifungua. Mama mmoja mchapakazi sana, mikono haitulii. Na mila ya kwao, kama ilivyokuwa kwa Wanyamwezi wengi wa zama zile, mwanaume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Hamli pamoja, hamkai chumba kimoja, jina lake hulitaji. Ukitaka kupita uani unakohoa, yeye anajisogeza pembeni anajifunika kanga, wewe unapita umeinama kama mtu aliyedondosha sindano.

Si chuki, ni heshima. Mkiwa na neno la kuambiana mnalipitishia kwa mtu wa tatu. Asipokuwepo mtu mzima, linapitishiwa kwa mtoto mchanga, hata kama anachojua ni kunyonya tu.

Mimi mtu wa mjini mila hiyo sikukua nayo, lakini Kabula alinionya mapema: ukiivunja, mama anaondoka siku hiyohiyo na baba hatakusamehe. Nikaishika kuliko hata wao.

(Naendelea wakuu, umeme ulikatika.)

Siku yenyewe, Kabula alikuwa kampeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Baba mkwe anatarajiwa keshokutwa. Maganda ya kwanza ya njegere yalikuwa yameanza kujitokeza, bado membamba, na hesabu yangu ilikuwa mzee akifika ayakute yananing'inia.

Niko barazani nashona, nikasikia kitu uani. Tp, tp, tp. Mlio wa kitu kinachokatwa kwa kucha.

Nikaenda mpaka mlango wa uani. Mama mkwe kainama kwenye njegere zangu, ungo pembeni, anachuma majani.

Hapa wasio wa huku niwaeleze. Kwetu kunde hailimwi kwa ajili ya punje peke yake. Majani yake ni mboga, na yakikaushwa ndiyo nsansa, mboga ya kiangazi kizima. Tena kunde ukiichuma majani ndiyo kwanza inachanua. Kwa hiyo mama wa watu kaona mmea unatambaa, majani laini, akajua ni kunde ambazo mkwe wake mvivu kaziacha bila kuchumwa. Anatusaidia.

Nikakohoa.

Ndiyo wakuu, nilifanya hivyo. Na yeye kwa adabu zake akafanya inavyopasa. Alijua nataka kupita kwenda chooni, akajifunika kanga, akachuchumaa katikati ya njegere nisimwone. Vijiti vikalia chini yake. Na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, akiwa kachuchumaa humohumo akaendelea kuchuma.

Nikakohoa kwa nguvu zaidi. Akajikunyata zaidi, akachuma haraka zaidi, nadhani aliona ananichelewesha.

Nikasema nitafute wa kumwambia. Mtoto hayupo. Nikamwona kuku karibu na kisima. Nikapaza sauti, "Wewe kuku, acha hayo majani! Hizo si kunde, usiziguse!"

Mama mkwe akaokota bonge la udongo akamtwanga nalo yule kuku, akarudi kazini.

Nikatoka mbio barabarani nitafute jirani mwanamke aje amwambie. Mtaa mzima mtupu. Wanawake wote wamekwenda dukani, sukari imeingia. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Nilichokikuta ni vijiti, na nyuzi za kijani zimevizunguka, na vile viganda vyangu vyembamba vimo ndani ya ungo pamoja na majani.

Nilikaa kwenye cherehani nikajisikia kulia. Sikuwa nawaza njegere. Nilikuwa nawaza mke wangu na mwanangu kwenye behewa la kwenda Bukene.

Kabula aliporudi nikamwonesha. Kwanza akashika mdomo, halafu akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka alipokumbuka keshokutwa ni nini. Nilikuwa na hasira, nikamwambia nenda sasa hivi kamweleze mama yako alichonifanyia.

Akawa ananyanyuka. Ndipo tukamsikia mama mwenyewe uani, anaanika majani kwenye jamvi huku anamwimbisha Zena. Akasema kwa sauti ya kunifikia, "Nani alisema baba yako mpita njia, mjukuu wangu? Mpita njia hana mboga laini namna hii."

Tangu nioe, hilo lilikuwa neno jema la kwanza kutoka Bukene.

Nikamshika Kabula mkono. Nikamwambia kaa, usimwambie kitu.

Baba mkwe akafika na treni. Shikamoo baba, marahaba, habari za Bukene, mtoto kapakatwa kakojoa, vizuri. Akanywa maji, akasema tukaone bustani.

Akavitazama vile vijiti muda mrefu. Mama mkwe na Kabula wako jikoni, kibanda cha matete palepale uani, kila neno wanalisikia.

"Bustani ndiyo hii?"

"Ndiyo, baba. Imeshavunwa."

"Kavuna nani?"

Ulimi ulitaka kusema. Nikaangalia jikoni, nikauona upindo wa kanga umetulia tuli mlangoni.

"Nimevuna mimi," nikasema. "Nilitamani mboga."

Mzee akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira hata, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema mtu anayekula bustani yake kabla haijakomaa ni mtu aliye safarini. Akamwita Kabula afunge mizigo.

Jikoni nikasikia mnong'ono, nadhani Kabula alikuwa anamwambia mama yake ukweli. Kisha Zena akatolewa, akaketishwa kwenye mkeka mlangoni, kidole mdomoni, na sauti ikatoka nyuma yake.

"Mjukuu wangu, mwambie babu yako bustani nimeimaliza mimi. Nilidhani kunde. Baba yako aliniona tangu mwanzo, akakohoa mpaka nikamwonea huruma na kifua chake, na mbele ya babu yako hakunitaja. Mwambie mtu kama huyo hanyang'anywi mke."

Zena akanyonya kidole.

Mzee akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akatazama vijiti. Mabega yakaanza kumcheza. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Na yeye, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kupitia kwa mtoto maana yule ni mke wake wa ndoa, akainama kwa Zena.

"Mwambie bibi yako aliyezimaliza ndiye atakayezikuza. Mama yako na wewe mnabaki. Na bibi yako naye anabaki hapa mpaka hizo kunde za wazungu nizione zimezaa."

Hivyo ndivyo nilivyoshinda kesi nikafungwa kifungo cha kukohoa ndani ya ua wangu.

Tulizihudumia wawili bila kuonana. Asubuhi zamu yake, jioni zamu yangu. Nikikuta vijiti vimenyooshwa najua kapita, na mimi namwachia ndoo ya maji imejaa kando ya kisima. Zikachipua kwa chini. Joto liliziwahi nyingi, sitawadanganya, lakini zilizobaki zilizaa chungu kimoja. Alizipika kwa karanga, na mpaka leo sijala njegere tamu kama zile. Ila ile nsansa ya majani ilizishinda, na Kabula ni shahidi.

Siku anaondoka, alimfungia Zena mbegu kavu kwenye pindo la kanga na kumwambia, "Mpe baba yako. Mwambie mwakani bibi ataomba ruhusa kwanza."

Miaka yote iliyofuata hatukuwahi kutazamana usoni. Nilijua sauti yake, mikono yake, na upindo wa kanga. Alifariki uzeeni, na nilimlia kama nilivyomlia mama yangu. Namkumbuka sana.

Mbegu zile hazijakatika. Kila kipupwe napanda palepale kati ya kisima na choo, na nikitoka uani kuelekea kwenye njegere nakohoa kwanza. Wajukuu wanadhani ni kifua. Kabula ananijazia ndoo.

Nilichojifunza ni hiki: ukipanda kitu wasichokijua watu wa nyumbani kwako, waoneshe mapema. Ujanja wangu wa kutafuta zao lisilo na hakimu ndio ulionimaliza. Na aibu ya mkubwa wako ukiweza kuibeba, ibebe, haina uzito kama inavyoonekana.

Haya, semeni na nyie. Kwenu mkwe mnampishaje? Na kuna aliyewahi kula majani ya njegere, au ni sisi tu wa Tabora?

Mlango uko wazi. Ila mkiingia, kohoeni kwanza.