Mbio Ndefu za Rance Kubala

Rance Kubala hakuchaguliwa kuwa kwotabeki wa timu ya shule ya Sorrel Flat. Alibaki tu. Kijana aliyekuwa na kazi hiyo alihamia Amarillo na wazazi wake mwezi wa nane, na Kocha Pickering akajikuta na wavulana tisa. Mmoja alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, mwingine alikuwa na sikio bovu, na sita walikuwa wakitazama viatu vyao. Rance peke yake ndiye aliyekuwa ametazama juu, kwa kuwa pua yake ilikuwa inatoka damu. Kocha, ambaye ndiye pia mwalimu wa historia na dereva wa basi la shule, akamnyooshea kidole.

"Huyu ana moyo," akasema.

"Nina pua, Kocha," Rance akajibu, na hivyo ndivyo alivyopata cheo.

Sorrel Flat iko Texas ya magharibi, ina pamba, ina upepo, na haina watoto wa kujaza timu ya watu kumi na mmoja. Kwa hiyo tunacheza mpira ule wa umbo la yai watu sita kwa sita, na tunawaambia wageni kwamba ndio mgumu zaidi. Kila zamu kwotabeki hurushiwa mpira na jamaa aliyeinama mbele yake, ukipita katikati ya miguu, halafu yeye ndiye huamua uende wapi. Anaweza kuurusha mbele. Anaweza kumpa mwenzake akimbie nao. Asichoruhusiwa ni kuvuka mstari zamu inapoanzia akiwa ameukumbatia mwenyewe, kabla haujapita kwanza mikononi mwa mtu mwingine. Wale wa timu za kumi na mmoja wanaruhusiwa. Sisi hapana. Mtoto wa Sorrel Flat huijua sheria hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na usiisahau, maana Rance aliisahau.

Rance alilelewa na bibi yake, Nelda, mjane mwenye sauti ya lori linalopanda mlima, na ndiye aliyekuwa mtangazaji wa uwanja wetu tangu vipaza sauti vilipofungwa. Kwenye nyumba ya mtu kama huyo unajifunza mapema kujicheka. Ukichelewa, unachekwa na mtaalamu. Rance akazoea kuwahi: alipounguza mkate alisema amepika mkaa, aliponyimwa densi na binti wa mwenye duka la mbolea alitangaza matokeo mwenyewe kabla muziki haujaisha. Kuhusu mkono wake wa kurushia mpira alisema, "Nguvu unazo. Anwani ndiyo hauna."

Kocha hakuupenda mzaha huo. "Kiongozi hajitanii," alikuwa akisema.

"Sawa, Kocha. Nitawaachia ninyi."

Halafu ikafika Ijumaa ya Marejeo, siku ambayo wote waliouhama mji hurudi kula nyama ya kubanikwa, kutuonea huruma, na kuondoka. Cottle Springs ndio walikuwa wageni wetu uwanjani. Siku hiyo hiyo Bibi Nelda alikuwa anatangaza mechi yake ya mwisho. Macho yalikuwa yamechoka, namba za migongoni zote zilikuwa zimeanza kufanana na nane. Asubuhi, akimkaangia Rance mayai, alisema bila kugeuka:

"Sikuombi ushinde. Mimi si mtu wa miujiza."

"Asante, Bibi."

"Nakuomba tusikatwe. Nataka niyaseme maneno yangu."

Kukatwa ni hivi. Katika mpira wa watu sita, timu ikiongoza kwa pointi arobaini na tano baada ya mapumziko, mwamuzi anapuliza filimbi na mchezo unaishia hapo hapo, kwa huruma. Kwetu timu ikikatwa nyumbani, desturi ni kwamba kipaza sauti kinazimwa, hakuna anayesema neno, na watu wanatembea kuelekea magari yao kama waliotoka kung'olewa meno. Bibi Nelda hakuwahi kukatwa. Kila mechi, saa ilipofika sifuri, alifunga kwa maneno yale yale, na wapo waliosubiri hayo kuliko magoli. Sasa heshima ya kuyasema mara ya mwisho ilikuwa mikononi mwa mjukuu asiye na anwani.

Tangu mwanzo mambo yalikwenda kama kawaida, yaani vibaya. Mpira wa kwanza Rance aliurusha vizuri sana, ukaenda kwa mtu wa Cottle Springs, naye akaupokea kwa adabu na kwenda kufunga. Wa pili ulimpata mpiga tarumbeta wa bendi ya shule. Sauti ya Bibi ikashuka kutoka kibanda cha juu, na nyuma yake zikilia njuga za ua kubwa la bandia linalovaliwa siku ya Marejeo, lake likimfunika kifua kizima, na riboni zake hadi magotini:

"Mpira umepotea. Aliyeupoteza ni mjukuu wangu. Alikula mayai matatu, kwa hiyo tatizo si njaa."

Jukwaa likacheka. Rance naye akainua mkono kama mtu aliyetajwa kanisani.

Wa Cottle Springs walikuwa na jitu moja linaitwa Kendrick, pana kama friji, na limelelewa vizuri kupita kiasi. Kila zamu lilimfikia Rance, likamlaza, halafu likamwinua kwa kwapa na kumpangusa nyasi.

"Samahani, kaka. Umeumia?"

"Unaulizia sehemu gani?"

"Mgongo."

"Huo ulishaondoka. Ukiuona, wapelekee watu wa nyumbani kwangu."

Kendrick akacheka, na zamu iliyofuata akamlaza tena, ila taratibu kidogo.

Kwenye kikao cha duara, wavulana wakihema, Rance ndiye aliyeongea. Hakuwa na maneno ya ushujaa. Alisema, "Sikilizeni, mimi nimewaona kwa karibu. Wana meno mazuri sana." Wakacheka, mabega yakashuka, wakarudi kupigwa wakiwa na nafuu. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake yote ya presha: kufungua mdomo kabla hofu haijafungua wake. Na ilisaidia, robo ya tatu tulipata hata goli, pointi nane pamoja na mkwaju wa nyongeza, lililotokea kwa sababu wawili wa Cottle Springs waligongana. Bibi akalitangaza kama uhuru wa nchi.

Robo ya mwisho ilipokaribia kuisha ubao ulisomeka hamsini na mbili kwa nane. Arobaini na nne. Pointi moja tu ya Cottle Springs, ya namna yoyote ile, na kipaza kinazimwa. Mpira ulikuwa wetu, lakini karibu kabisa na mstari wetu wa nyuma, na kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari huo wapinzani wanapewa pointi mbili. Kwa maneno mengine, Kendrick alihitaji tu kufanya kile alichokuwa akifanya tangu jioni ilipoanza.

Kocha akaomba muda akaja uwanjani, kofia ameipindua. "Mpira apewe Wade, akimbie pembeni. Saa iishe. Rance, tafadhali, usifanye jambo lolote la kwako."

"Kocha, mimi sijawahi kuwa na jambo la kwangu."

Lakini safari hii dawa haikufanya kazi. Alitazama juu kwenye kibanda, akaona bibi yake amesimama, mkono umeshika kipaza kama anayezuia mtu asimnyang'anye.

Mpira ukaja. Wade, mkimbiaji wetu, alikuwa ameteleza, yupo chini, anatafuta kiatu. Kendrick anakuja, tayari na samahani yake mdomoni. Na pale, mbele ya Rance, katikati kabisa, likafunguka pengo ambalo lori la pamba lingepita bila kukunja vioo.

Akaingia.

Watu wanaomtania Rance mpaka leo husema alikimbia ovyo. Si kweli. Alikimbia kwa uzuri ambao hakuwahi kuwa nao na hajawahi kuupata tena. Alimkwepa wa kwanza, akamzunguka wa pili, akarudi nyuma kidogo bila sababu, akavuka uwanja kutoka upande wa bendi hadi upande wa vyoo, akarudi tena. Jukwaa lote lilisimama likipiga kelele. Aliona mikono inapungwa. Aliona Kocha anarukaruka na kutupa kofia chini. Hata akaona watu wa Cottle Springs wameacha kumfukuza, wameshika viuno, na akadhani wamekata tamaa.

Kelele zile zilikuwa zinasema, "Rudi!"

Kitambaa cha njano cha mwamuzi, alama ya kosa, kilikuwa kimelala kwenye nyasi tangu hatua yake ya kwanza ng'ambo ya mstari. Alipofika mwisho, akainua mpira juu kwa mikono miwili. Sauti ya Bibi ikaja bila njuga hata moja.

"Huyo aliyeko kule mbali," ilisema, "ni Rance Kubala. Ameukimbiza mpira ambao haukupita kwa mtu yeyote. Sheria hiyo nilimfundisha mimi. Mwenye gari amfuate, amrudishe."

Alirudi kwa miguu. Ni safari ndefu, uwanja mzima, mbele ya kila mtu aliyewahi kukujua na waliotoka Dallas kuja kukuona. Adhabu ikapigwa, mpira ukawekwa hatua mbili tu kutoka mstari wetu wa nyuma. Akaingia kwenye duara, wavulana wakamtazama wakisubiri mzaha, kwa sababu ndiye aliyekuwa nao siku zote. Akafungua mdomo. Hakukuwa na kitu. Mate tu, ya mtu aliyemuuza bibi yake.

Sasa, yule aliyekuwa akimrushia mpira katikati ya miguu aliitwa Delbert Ochoa, mfuga mbuzi, mzito, asiyezungumza kwa kawaida isipokuwa na mifugo. Msimu mzima alikuwa amesema "ndiyo" na "wapi maji". Akakohoa.

"Mwanangu," akasema, "mimi kazi yangu ni kukupa mgongo. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeuona wako."

Mzaha huo ulichukua muda kidogo kufika. Kisha Wade akapasuka kucheka, kiatu mkononi, na wengine wakamfuata, na Rance akajikuta anacheka mpaka anashika magoti. Hakuwa amewahi kutaniwa vizuri hivyo na mtu mwingine zaidi ya bibi yake.

"Halafu tazama saa," Delbert akaongeza. Hapo akawa karibu amemaliza maneno aliyoyaweka akiba tangu mwezi wa nane.

Wakatazama. Mbio zilikuwa zimefutwa zote, kila yadi. Ila muda haukufutwa. Ule mzunguko wa kwenda vyooni na kurudi ulikuwa umekula karibu muda wote uliobaki, na saa ilikuwa na pumzi moja ya mwisho.

"Zamu moja," Rance akasema. "Nikiangushwa hapa nyuma tumekatwa. Mpira ukidondoka, saa inasimama, na Kendrick anapata nafasi nyingine. Lazima mtu audake, kisha alale nao chini, ndani ya uwanja, asije akaupoteza. Nani hajawahi kurushiwa mpira mwaka huu?"

Wote wakamtazama Delbert. Katika mpira wetu kila mtu anaruhusiwa kudaka, hata aliyeinama. Ni vile tu hakuna aliyewahi kuwa na wazo baya kiasi hicho.

"Mimi?" Delbert akauliza.

"Wewe. Hata mama yako hatakukaba."

"Nikishadaka nifanye nini?"

"Ulale."

"Hilo naliweza."

Akainama, akarusha, halafu akatembea mbele. Hakukimbia. Alitembea kama anayekwenda kufunga geti, na kweli, hakuna mtu wa Cottle Springs aliyemtupia jicho. Kendrick alikuwa ameshavunja ukuta wa wavulana wetu. Rance akarudi nyuma, visigino karibu na mwisho wa dunia, akausikia upepo wa lile jitu, akaurusha mpira. Uliruka kama kuku aliyetupwa juu ya paa, manyoya pande zote. Delbert akageuka wakati huo huo, ukamgonga kifuani, naye akaukumbatia kwa mikono yote miwili jinsi anavyobeba mtoto wa mbuzi.

Na akaona mbele yake hakuna mtu. Njia nyeupe. Macho yakamtoka.

"Usithubutu!" Rance akapiga kelele kutoka chini ya Kendrick. "Delbert! Lala! Lala, ndugu yangu!"

Delbert akaitazama ile njia kwa huzuni. Halafu akapiga goti moja, akapiga la pili, akajilaza taratibu ubavu, akaufunika mpira kama anautia usingizini. Cottle Springs wote wakamrundikia. Saa ikafika sifuri.

Hamsini na mbili kwa nane. Tulikuwa tumefungwa kwa tofauti ya arobaini na nne, na uwanja ulilipuka kana kwamba tumetwaa ubingwa wa jimbo. Watu walirusha kofia. Mwenye duka la mbolea alimbusu mke wake, jambo ambalo lilimshangaza hata mke wake. Wageni wa Dallas waliuliza nani ameshinda.

"Samahani, kaka," Kendrick akasema, akimwinua Rance kwa mara ya mwisho. "Mbona mnashangilia?"

"Tumepoteza vizuri. Hujawahi kutuona tukipoteza vibaya."

Kipaza kikakwaruza. Njuga zikalia, halafu zikatulia, na jukwaa lote likageukia kibanda.

"Mchezo umekwisha," Bibi Nelda akasema. Sauti ya lori ilikuwa imekwama mahali kwenye mlima. Akasubiri, ikapanda. "Endesheni polepole. Kulungu wako barabarani, na hawajui nani ameshinda."

Rance alivua kofia ngumu. Alikuwa na nyasi kwenye meno. Akatazama kibandani akidhani amekwishamaliza, kama tulivyodhani sote.

"Na mjukuu wangu," kipaza kikaongeza, "yeye aende kwa miguu. Anajua kukimbia."