Mkate Mzito wa Glafira Zotovna

Glafira Zotovna alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mmoja, na alijifunza kinyume. Usicheke kwanza. Wengine husomea ubao, wengine kitabu; yeye alisomea risasi. Herufi za kuchapia gazeti, kama hujawahi kuzishika, ni vijiti vidogo vya madini ya risasi, na kila herufi imegeuzwa ili ikigandamizwa kwenye karatasi itoke sawa. Glafira alizipanga hizo miaka sita mfululizo, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wapangaji, mtaa wa pili kutoka mtoni, Brisbane ya kusini. Mstari wa risasi aliusoma kama anakunywa maji. Sasa mpe gazeti lenyewe, limeshachapwa, limekauka, uone. Alilikodolea macho asiambulie kitu. Ilibidi alisimamishe mbele ya kioo cha kunyolea cha wapangaji ndipo aelewe.

"Shangazi Glasha, leo kioo kinasemaje?" wapangaji walimtania wakirudi kutoka machinjioni, wakilifupisha jina lake.

"Kinasema mna sura mbaya. Naweni mikono mle."

Na kweli walinawa, maana huyo mama hakuwa wa kuchezewa. Aliwapikia, aliwafulia, na baina ya sufuria na pasi ndipo alipolipanga gazeti. Liliitwa Njia Yetu, kurasa nne kila wiki, la Warusi waliofukuzwa na mfalme wao wakatupwa na bahari hadi huku: wa machinjioni, wa reli, wa mashamba ya miwa kule kaskazini. Mhariri alikuwa Yevlampi Rodionovich, mwembamba kama uzi, aliyetoroka Siberia mara mbili lakini akimwogopa mbwa wa jirani. Yeye aliandika, Glafira akapanga. Na akipanga alisahihisha, tena bila kuomba ruhusa.

"Mama, hapa niliandika maneno ishirini!"

"Kumi na mawili yalitosha. Yale mengine ulikuwa unajisikia raha tu."

Herufi zenyewe zilikuwa na hadithi yao. Katika bara lile zima, kwa kadiri walivyojua, hapakuwa na herufi nyingine za Kirusi. Hizo zilitoka Harbin, mji wenye Warusi wengi ng'ambo ya Siberia, na sehemu kubwa alikuja nazo Glafira mwenyewe mwilini. Alifumua mapindo ya sketi tatu za ndani, akazishonea humo konzi kwa konzi, akapanda meli akitembea kama bata. Ofisa wa forodha alimwonea huruma akampa kiti, akidhani ni mgonjwa wa miguu. Wenzake wakaleta zilizobaki, huyu kwenye birika, yule kwenye buti.

Kabla ya Harbin ilikuwa Siberia, na kabla ya Siberia alikuwapo Nikifor, mumewe, mfua chuma wa karakana ya reli. Hapo lazima nikwambie jambo moja la watu hawa. Kwao mtu hasafiri kabla ya kuketi. Mizigo ikishafungwa, nyumba nzima inakaa chini kimya, hata juu ya masanduku, kisha mkubwa wao anasema "Haya," msafiri anatoka, na hageuki nyuma. Akirudi kuchukua kitu alichosahau ni mkosi. Basi ajitazame kwenye kioo na kuketi kuanze upya. Nikifor walimchukua kwenye meza ya chai. Glafira aliwasihi askari wa mfalme: dakika moja tu, aketi. Walimcheka. Wakamwondoa amesimama vile vile, na Nikifor akafia njiani, kabla hata ya kufika walikokuwa wanampeleka.

"Hakuketi," Glafira alizoea kusema. "Hakufika."

Sasa makomredi wale Mungu walimkana zamani, na mapadri waliwachamba kila wiki kwenye ukurasa wa pili. Lakini nakuapia, hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani kwa Glafira kwenda hata mji wa jirani bila kuketi.

Ukaja mwaka wa nne wa vita kuu. Serikali ilikuwa imechoshwa na gazeti lililowaambia watu kwamba vita si vyao. Jumanne moja asubuhi, Kupriyan, mpangaji wa chumba cha juu, jitu la mabega mapana, aliingia jikoni akihema.

"Wametupiga marufuku! Njia Yetu imekufa kwa amri! Wanakuja na mkokoteni kubeba mashine na herufi!"

Yevlampi Rodionovich alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi," alisema. "Yamekwisha. Mashine waichukue, herufi wazichukue. Tumefanya tulichoweza."

"Wazichukue?" Glafira aliweka mwiko chini. "Za nani? Herufi hizi nimezivaa mimi, Yevlampi Rodionovich. Wewe ulizivaa lini?"

Mhariri akanywea. Mashine wangepata nyingine, au wangebuni. Lakini herufi zikienda zimekwenda, na gazeti limekwenda nazo, na mkata miwa wa kaskazini asubiri lugha yake mpaka achoke. Glafira alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Bahati, Kupriyan alikuwa anasafiri siku hiyo hiyo kwenda kwenye miwa. Masanduku yake mawili yalikuwa sebuleni, gari la farasi lilikuwa nje. Glafira hakuuliza. Aliyapindua masanduku, suruali na mashati ya watu vikaenda chini ya kitanda, na herufi zikamiminwa ndani trei baada ya trei. Kisha akasimama akizitazama zile trei tupu. Trei tupu ni sawa na kukiri. Kona ya chumba palikuwa na debe la herufi za Kiingereza, kuukuu, walizochapia matangazo ya dansi. Akazimwaga zote kwenye trei.

"Haya, twende, twende!" Kupriyan alishashika mpini wa sanduku.

"Keti."

"Shangazi, polisi wako njiani!"

"Keti nimesema! Unataka zisifike?"

Nusu dakika ile ingewatosha kupakia na kupotelea kwenye kona. Mtu mwingine yeyote duniani angekimbia. Wao waliketi: Glafira juu ya sanduku moja, Kupriyan juu ya jingine, mhariri kwenye kapu la nguo chafu, kimya. Glafira akasema "Haya." Wakainuka. Kupriyan alishavuka kizingiti alipojipapasa kichwani.

"Kofia yangu," alisema, akageuka, akaingia ndani kuichukua.

Lo! Wote watatu walitazamana. Yevlampi Rodionovich, msomi wa sayansi, mwandishi wa makala tatu dhidi ya ushirikina, ndiye aliyenyoosha kidole kwanza. "Kioo," alinong'ona. "Jitazame kwenye kioo, ng'ombe wewe, kisha tukae tena."

Wakakaa tena. Na hapo ndipo polisi walipoingia.

Aliyetangulia alikuwa Sajini Tierney, bonge la mtu mwenye masharubu mekundu. Nyumba hii aliijua. Alishafika mara mbili kukagua, na mara ya pili Glafira alimkatia kipande cha mkate wake mweusi. Mkate ule wapangaji waliupenda kwa machozi, maana ulikuwa wa kwao. Kwa Sajini, uliondoka na ncha ya jino lake.

Sasa alisimama mlangoni akaona watu watatu juu ya mizigo, vichwa chini, hawasemi. Polepole alivua kofia.

"Wanasali," alimnong'oneza konstebo wake. "Subiri." Akapiga ishara ya msalaba.

Chini ya Glafira palikuwa na kila neno ambalo wangewahi kulichapa. Lakini kuketi ni kuketi. Alihesabu pumzi zake, hakuikata hata moja, kisha akasema, "Haya."

"Pole kwa kuwaingilia, mama," alisema Sajini. "Nina amri."

"Mtu huyu kwenda mbali," Glafira alimjibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Wewe fanya kazi yako. Chumba nyuma."

Walikwenda nyuma. Walisikika wakisukuma mashine, wakigonga trei. Sajini alirudi ameshika herufi moja baina ya vidole, akiigeuza dirishani.

"Kirusi hiki. Tazama kilivyopinda."

"Afande," alisema konstebo, "hii mbona kama R?"

"R yetu inatazama huku, bwege wewe. Hii inatazama kule. Kirusi kitupu!"

Yevlampi Rodionovich alipatwa na kikohozi cha ghafla, akajificha kwenye leso. Basi matangazo ya dansi yakabebwa kwa heshima zote kwenda kwenye mkokoteni wa serikali, na mashine nyuma yake. Glafira alianza kupumua. Alipumua mapema.

"Na huyu msafiri atachelewa treni kwa sababu yetu," alisema Sajini, mtu wa watu. "Konstebo! Msaidie mama na lile sanduku."

"Hapana, hapana, asante, Kupriyan nguvu nyingi—"

Konstebo alishalishika. Akavuta. Sanduku halikusogea. Akakunja magoti, akavuta tena, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Afande, humu mna nini? Lina uzito wa maiti!"

Sajini alilitazama sanduku, akamtazama Glafira, na macho yake hayakuwa tena ya mtu aliyevua kofia. Kupriyan alikunja ngumi. Mhariri alifumba macho.

Glafira alijipangusa mikono kwenye aproni.

"Mkate," alisema. "Mkate wangu mweusi. Yeye kwenda kwenye miwa, miezi sita."

Ulimi wa Sajini, bila yeye kujua, ulikwenda pole pole mpaka kwenye lile jino.

"Mungu wangu," alisema. "Yote mawili?"

"Yote mawili. Wewe taka kipande?"

"La, mama! La, asante!" Alirudi nyuma hatua nzima. "Konstebo, shika huku, mimi nashika huku. Na kwa mgongo ulionyooka, usije ukavunjika."

Hivi ndivyo herufi za gazeti lililopigwa marufuku zilivyotolewa nje na sajini na konstebo wa polisi, saa nne ya asubuhi, jua likiwaka, majirani wakitazama. Waliyapakia masanduku kwenye gari moja baada ya jingine, wakipiga "hobe!" kama wachukuzi. Sajini alimpa Kupriyan mkono na kumtakia meno mema.

Gari halikwenda stesheni. Kupriyan alishuka na kofia yake tu akakimbilia treni yake kwa miguu, na masanduku yakaingia uani kwa mwanamke wa Kifini aliyekuwa dobi mtaa wa tatu, mahali Glafira alipofua siku za Alhamisi. Pale palikuwa na mashine ya kukamulia shuka, magogo mawili na mkono wa kuzungusha. Ukipanga ukurasa vizuri, ukautia wino, ukaulaza na karatasi na blanketi, ukaupitisha kati ya magogo, gazeti linatoka. Siku ya kwanza walichana karatasi themanini. Siku ya nane walikuwa na gazeti.

Amri ilikataza jina la Njia Yetu. Mhariri alileta majina kumi na matano mapya, yote marefu. Glafira aliyasikiliza mpaka mwisho, masikini, kisha akasema, "Mkate Mweusi." Wapangaji wakapiga makofi, na ukawa mwisho wa mjadala.

Wakubwa wa Sajini waligundua baadaye kwamba walikuwa wanalinda matangazo ya dansi. Walimwuliza kama aliona mzigo wowote ukitoka. Angesema nini? Kwamba aliuona, na kwamba aliubeba mwenyewe? Alisema hakuona kitu.

Jumatano mchana, uani kwa dobi, nakala mia sita zilianikwa kwenye kamba za nguo zikipepea. Wapangaji walitoka machinjioni mapema, chai ikachemka, mtu akaleta kinanda cha mkono. Yevlampi Rodionovich alikuwa anapita kwenye kamba akijisomea makala yake kwa upendo, mara akasimama. Chini kabisa ya ukurasa wa nne palikuwa na mstari ambao hakuuandika.

"Mama! Huu ni nini? Nani kauandika?"

"Ngoja nikuletee kioo, Shangazi!" mtu alipaza sauti, na wote wakacheka.

"Kaa na kioo chako," alisema Glafira.

Aliutoa ukurasa kwenye kamba. Aliushika mbele yake kama kila mtu anavyoshika gazeti, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Kinanda kilinyamaza. Neno kwa neno, kwa sauti, kwenye karatasi yenyewe, Glafira Zotovna alisoma:

"Safari hii tuliketi, Nikifor. Tumefika."