Kuamia Ndege kwa Darubini

Mama yangu hakuwahi kumpenda ndege. Tangu usichana wake aliamia mpunga kwenye majaruba yetu nje ya Kahama, na mimi nimekua nikimsikia akiwafukuza ndege kwa kupiga debe na kufoka toka alfajiri hadi jua linapozama. Kwa kombeo alikuwa hakosi. Kwa hiyo mwaka huu aliponiambia anataka kuwaona korongo taji kwa karibu, nilicheka. Yeye hakucheka. Daktari alikuwa amemwambia ana presha ya macho, na kwamba kinachopotea hakirudi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda tayari.

"Nimewafukuza maisha yangu yote," alisema, "na sura zao sizijui."

Kesho yake tukaenda mjini kutafuta darubini.

Mwenye duka, Mhindi wa makamo aliyezaliwa hapohapo Kahama na anayeongea Kisukuma kunizidi mimi, alimwamkia Mama shikamoo, akatupangia darubini kwenye kaunta. Mimi, mpenda vya kung'aa, niliidaka moja nyembamba, nyepesi, ya kutosha mfukoni. Akanitazama kwa huruma.

"Kwa bei hii, hiyo ni urembo tu. Chukua hii yenye mabega."

Ilikuwa ya mtindo wa zamani, pana, vioo vya macho vimekaribiana na vya mbele vimeachana, kwa sababu ndani mna vioo vya pembe tatu vinavyoupindisha mwanga kabla haujafika jichoni. Kwa fedha ileile, alisema, hiyo huonyesha vizuri zaidi. Adui yake ni kuanguka: vioo vikihama, kitu kimoja unakiona viwili.

Tukaikagua. Niliitikisa sikioni, haikulia. Nikaielekeza kwenye waya wa umeme ng'ambo ya barabara, nikaona waya mmoja tu. Nikamulika ndani kwa tochi ya simu kutafuta ukungu. Mwili chuma, umevikwa mpira. Ilikuwa inakuza mara nane. Ya mara kumi na mbili niliirudisha, maana mikono ya Mama inatetemeka siku hizi, na darubini inayokuza sana hukuza na mtetemeko. Mama yeye aliipima kiganjani kama anavyopima jembe dukani, akazungusha gurudumu la katikati kwa kidole chake kigumu.

"Hii itazeeka vizuri," akasema, kisha akamshukuru mwenye duka: "Wabeja, baba."

Moyo uliniuma, maana niliwaza itazeeka na nani.

Asubuhi iliyofuata tulikaa kwenye tuta. Korongo wawili wakatua upande wa pili wa majaruba. Nikamsaidia kuzungusha gurudumu, nikasikia pumzi yake ikikatika. Kisha, Mungu wangu, akaruka.

"Hoo! Hooo! Tokaaa!"

Akapiga makofi, darubini ikining'inia shingoni. Korongo wakapaa, na kila chenye mabawa katika bonde lile kikapaa nao.

"Mama!"

"Walikuwa kwenye mpunga, mwanangu! Hapa, mbele ya pua yangu!"

Mpunga wenyewe ulishavunwa. Siku ya pili akafanya vilevile. Ya tatu pia. Nilikasirika, nikamwambia neno ambalo mtoto hapaswi kumwambia mama yake, kwamba ananipotezea muda. Alijifuta lile jicho linaloona, nami nikaona aibu hata ya kumwomba radhi.

Siku ya nne alikuja na dawa yake mwenyewe. Alijifunga mdomo kwa kanga, fundo kisogoni, akaketi na kuificha mikono kwapani.

"Shika wewe," alisema kupitia kitambaa.

Nikapiga magoti nyuma yake, nikamshikia darubini machoni, viwiko vyangu mabegani pake. Ilikuwa nzito kweli. Korongo wakaja, wakaanza kuokota punje zilizobaki. Nilihisi mwili wake wote ukitaka kufoka, mabega yakipanda, kisha yakashuka. Mikono yangu ikaanza kufa ganzi lakini sikuthubutu kusogea. Nilimpenda sana saa ile.

Baada ya muda mrefu aliishusha kanga polepole, akanong'ona.

"Ananitazama, mwanangu. Na hakimbii."