Siku Nilipogombea Macho na Papa Anselme

Jamani, niacheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka: mimi, mzee wa miaka sabini na tatu, mwenye wajukuu tisa, niliwahi kuona wivu juu ya nani atakuwa maiti mwenye macho mazuri zaidi.

Ilikuwa hivi. Docta wa macho, mama mmoja aliyetoka Lubumbashi, alikuja hapa Kalemie akatuita kwenye ukumbi wa parokia, akatueleza kwamba mtu akifa, kile kioo cha mbele ya jicho (wao wanakiita konea) kinaweza kutolewa akashonewa asiyeona, naye akaona, na hata sisi wazee tunaweza kujiandikisha, mradi kioo chenyewe kiwe safi. Akamkalisha mzee mwenzangu, Papa Anselme, mbele ya taa yake, akachungulia, akasema kwa sauti: "Muone! Huyu papa iko na miaka makumi munane, na kioo yake inang'aa kama ya kijana!"

Watu wakapiga makofi, na mke wangu, Mama Veronika, akapiga kuliko wote. Sasa mjue, huyo Anselme ndiye aliyetaka kumuoa kabla yangu (alipeleka hata vitenge viwili kwao), na miaka arobaini na sita jambo hilo halijanishuka kooni. Njiani mke wangu akasema, "Ule papa, macho yake toka zamani ilikuwa mazuri." Toka zamani! Niliogopa, nasema wazi, kwamba mama huyu amekuwa akijuta muda wote huo.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu. Nikawaza: ndimu inaondoa shombo ya samaki, inang'arisha sufuria mpaka ujione, itashindwaje na jicho? Nikajifungia bafuni, nikakamua matone mawili kila upande. Mungu wangu! Nilipiga ukelele majirani wakatoka (nikawaambia nimeona nyoka), kisha nikaenda hivyo hivyo, nimefumba macho, najifanya natafakari. Ukumbini nikaipa nguzo mkono, nikaiuliza habari za nyumbani, halafu nikaketi juu ya mapaja ya mwenyekiti wa akina mama wa parokia.

"Papa, uliweka nini mu macho?" docta akauliza.

"Hapana kitu, Docta. Njo vile nilizaliwa."

Akanusa. "Papa! Unanuka ndimu!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Docta akaniosha kwa maji mengi, akasema umri wangu hauna neno, lakini jicho lililowaka vile hawezi kulipima, nirudi likipona, na kwamba hata hivyo kila konea hupimwa upya mwenyewe akishakufa, chembe hai zake zikahesabiwa, ya Papa Anselme pia. "Hapana mashindano hapa, Papa."

Na nani alinirudisha nyumbani, macho yamefungwa bandeji, kanishika mkono kupita soko zima? Anselme. "Shimo, ndugu yangu. Shimo ingine." Kwa upole! Afadhali angenitukana.

Mke wangu akaniketisha. "Ulifanya ile yote sababu ya Anselme?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Macho yake njo mazuri, ni kweli. Lakini mimi nilikupenda sababu ya meno."

Basi ndimu sitaigusa tena maishani. Meno yenyewe yamebaki manne, nayapiga mswaki asubuhi, mchana na jioni, na Anselme akipita mlangoni kwetu namchekea mpaka ayaone yote.